Kiapo Kisicho na Moyo



Katika karne ya 17 aliishi huko Uskoti mwanasheria mmoja, jina lake George Winram wa Liberton, karibu na mji wa Edinburgh. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1620. Mwaka 1638 watu wa nchi yake walitia sahihi Agano la Taifa, wakiapa kulinda imani na taratibu za Kanisa lao zisibadilishwe kwa amri ya Mfalme Charles wa Kwanza. Mkutano Mkuu wa Kanisa, uliokaa Glasgow mwaka huo huo, ulimtuma Winram kumpelekea mfalme maombi yake. Mwaka 1649 akawa jaji wa mahakama kuu ya nchi, akaitwa Lord Liberton.

Tarehe 30 Januari mwaka huo wa 1649 mfalme alikatwa kichwa mjini London. Waskoti wakamtangaza mwanawe, Charles wa Pili, lakini kwa sharti: asitawale mpaka aape Agano. Winram alikuwa miongoni mwa wajumbe waliomfuata kijana huyo ng'ambo, Uholanzi, kisha kisiwa cha Jersey, kisha tena mjini Breda mwaka 1650. Kijana hakuwa ametimiza miaka 20, wala hakulipenda Agano. Wakati anazungumza na wajumbe, alikuwa amemruhusu Montrose aingie Uskoti kwa upanga. Montrose alishindwa, akanyongwa Edinburgh tarehe 21 Mei 1650. Hapo mlango mwingine haukubaki. Mwezi Juni, akiwa bado melini kwenye pwani ya Uskoti, Charles akaapa.

Wapendwa, kila jaji anajua kwamba neno lililotolewa kwa kubanwa halina uzito mbele ya haki. Basi, je, kiapo cha namna hiyo kina uzito gani mbele za Mungu aonaye mioyo? Mjumbe mmoja aliyekuwapo Breda, Alexander Jaffray, aliandika baadaye kwamba wao wajumbe ndio waliotenda dhambi, kwa kumfunga kijana yule kwa maneno waliyojua hayakutoka moyoni. Sisi husema ahadi ni deni. Kweli, lakini amshurutishaye mwenzake kuahidi asichokiamini anashiriki deni hilo.

Na deni lilidaiwa upesi. Mwezi Julai Oliver Cromwell alivuka mpaka na jeshi la Waingereza. Viongozi wa Uskoti, wakitaka jeshi takatifu, waliwafukuza maelfu ya askari na maofisa waliohesabiwa kuwa si safi. Tarehe 3 Septemba 1650, alfajiri, majeshi yalikutana Dunbar. Pande zote mbili zilikuwa zimefunga na kusali kwa Mungu mmoja. Waskoti, ingawa walikuwa wengi zaidi, walivunjwa kwa muda mfupi. Maelfu ya mateka walipelekwa Durham, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Mifupa ya baadhi yao iligunduliwa humo mwaka 2013, ikazikwa upya kwa heshima mwaka 2018.

Na jaji wetu? Hakubaki nyuma ya meza yake. Aliingia vitani Dunbar, akajeruhiwa, na baada ya siku nane akafariki. Hili tumheshimu nalo: mzigo aliosaidia kuufunga hakuwaachia wengine waubebe peke yao. Wako wengi washaurio vita na kuwapeleka watoto wa wenzao.

Hata hivyo, ushujaa wake haukuweza kukifanya kiapo cha Charles kuwa cha kweli. Mfalme aliporudishwa kitini mwaka 1660, haikuchukua muda bunge likaitangaza hati ya Agano kuwa batili.

Ndugu msikilizaji, nyumbani mwako nani anasema "ndiyo" kwa sababu tu amefungiwa mlango wa "hapana"? Mtoto aungamaye kwa hofu ya fimbo? Binti aitikiaye posa asiyoitaka? Muumini anayeshika dini ili apate kazi? Usifurahie ndiyo ya namna hiyo. Mfungulie mlango. Hapana ya kweli yaweza kuzungumzwa, na kesho ikageuka. Ndiyo ya uongo hutulia tu ikingoja siku yake.

Mungu atujalie ndimi zinazokubaliana na mioyo. Amina.