Alama Mwilini mwa Mtoto

Somo: Marko 5:21–43

Popote mlipo wakati huu, iwe ni Mutomo au Mwingi, Wote au Kibwezi, twawaomba mkae nasi kwa dakika chache. Aliye na Biblia na afungue Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia mstari wa 21 mpaka mwisho.

Katika sura hiyo twakuta wagonjwa wawili. Wa kwanza ni binti wa Yairo, mmoja wa wakuu wa sinagogi. Alikuwa mtoto wa miaka 12, naye alikuwa karibu kufa. Wa pili ni mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12 hiyo hiyo, akawapa matabibu mali yake yote asipate nafuu. Mtoto mgonjwa na ugonjwa wa damu: Bwana alikutana na yote mawili katika safari moja. Leo twataka kuzungumza juu ya mambo hayo, na kuongeza la tatu ambalo makanisani mwetu hatupendi kulitaja, yaani mtoto anayeumizwa na watu wa nyumbani mwake.

Mtu aweza kuuliza, mambo haya matatu yanahusianaje? Yanahusiana kwa sababu mara nyingi huonekana kwanza kwa namna moja: alama katika ngozi ya mtoto.

Tuseme yuko mtoto wa miaka 5 huko Ikutha. Mama yake anamvua shati amwogeshe, anaona madoa ya damu iliyovilia mgongoni na mapajani. Hakumbuki kwamba mtoto alianguka. Jirani mmoja anasema, "Huyu anapigwa na baba yake wa kambo." Mwingine ananong'ona kwamba ni kithitu cha babu, na wa kuendewa ni mundu mue. Nyanya naye anasema, "Mfunikeni, msituaibishe." Basi kabla mtoto hajatazamwa na mtu hata mmoja mwenye ujuzi, hukumu tatu zimekwisha kutolewa.

Sasa mfikirieni muuguzi anayeijua kazi yake katika wodi ya watoto. Yeye hatoi hukumu. Anamvua mtoto nguo polepole, penye mwanga, mama akiwapo, na kumtazama toka utosini mpaka nyayoni. Anachora kila doa katika karatasi na kulipima ukubwa. Anatazama fizi, macho, tumbo na viungo. Anamsikiliza mama. Kisha, ikiwezekana, anazungumza na mtoto kando kwa upole, na maneno ya mtoto anayaandika vile vile yalivyotamkwa. Halafu mtoto anatolewa damu ikapimwe.

Kwa nini afanye taratibu hivyo? Kwa sababu doa moja laweza kuwa na asili nyingi. Katika saratani ya damu, uboho ulio ndani ya mifupa hujaa chembe mbovu, ukashindwa kutengeneza damu njema. Mtoto hupauka viganja, homa humrudia ingawa amepimwa malaria akaonekana hana, mifupa humwuma, na damu huvilia mahali ambapo hakupigwa. Upo ugonjwa mwingine ambao mwili wenyewe huziharibu chembe ndogo zinazogandisha damu, mara nyingi baada ya mafua au homa. Watoto wengi huupona. Upo pia ugonjwa wa hemofilia, ambao huwapata hasa wavulana, na mara nyingi hurithiwa kwa upande wa mama. Magoti huvimba kwa damu, na pengine haujulikani mpaka siku ya tohara, damu inapokataa kukatika. Tena, watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu kiunoni na matakoni. Hayo si ugonjwa wala si kipigo, nayo hufifia kadiri mtoto anavyokua. Tukihukumu kwa haraka, baba asiye na hatia aweza kufungwa, na huku mtoto anakufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Lakini upande wa pili nao ni kweli. Mtoto anayecheza huumia miundi, magoti na kipaji cha uso. Doa la sikioni, shingoni, tumboni, matakoni au ndani ya mapaja lahitaji kuulizwa sana. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa havunjiki paja kwa kucheza. Alama yenye umbo la mkanda au waya, miguu miwili iliyoungua sawasawa kama iliyovishwa soksi, maelezo yanayobadilika kila yanapotolewa, mtoto aliyekaa na jeraha siku nyingi bila kuletwa: muuguzi huyaona hayo na kuyaandika. Wala kukuta ugonjwa hakumalizi maswali, maana mtoto mgonjwa naye aweza kuwa anapigwa.

Sisi wa Ukambani twajua kutafuta maji katika mchanga wa mto. Mto Tiva ukikauka, mgeni hupita akisema hapana maji. Mama wa hapa huchimba kwa kata, hungoja, huchimba tena, mpaka maji yaje. Ukweli juu ya mtoto nao hutafutwa kwa uvumilivu wa namna hiyo.

Kutazama vizuri kumewaokoa watoto wengi. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mkristo kutoka Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Baada ya muda mfupi akaona mwingine huko Jinja. Hakupita hivi hivi, bali aliuliza. Aliandikia hospitali za serikali na za misheni, na mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa motokaa karibu maili 10,000, wakiuliza ni wapi uvimbe huo unapoonekana. Saratani hiyo ikaja kuitwa kwa jina lake, na leo watoto wengi huipona kwa dawa wakiwahishwa.

Basi, ndugu, yafahamuni haya. Taya linalovimba, tumbo linalovimba upande, tezi za shingo zisizopungua, mng'ao mweupe katika mboni ya jicho, homa na madoa tuliyoyataja: mtoto wa namna hiyo asingojeshwe nyumbani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, lakini katika nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki 30. Mwaka wa 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Tofauti hiyo yatokana na kuchelewa kutambuliwa, na dawa zisizopatikana, na safari iliyokatizwa njiani. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, juu ya watoto waliogunduliwa na saratani kati ya 2007 na 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu waliacha matibabu kabla hayajaisha, na miongoni mwa sababu zilikuwa ni gharama na nauli.

Hapo ndipo kanisa linapoitwa. Saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto yahitaji matibabu ya miaka 2 au zaidi. Mama wa Kitui atauza mbuzi wa kwanza, na wa pili, kwa safari za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mbuzi wakiisha, atakaa nyumbani. Mwaka wa 2016 Kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wa kila jamaa kulipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Jambo hilo litufundishe kwamba mzigo mkubwa hubebeka ukigawanywa. Je, Umoja wa Akina Mama hauwezi kuchukua nauli ya mtoto mmoja mpaka amalize dawa? Je, vijana wetu hawawezi kwenda pamoja kutoa damu? Mtoto wa saratani huhitaji damu mara nyingi, na damu haiuzwi dukani.

Sasa turudi kwa Yairo. Alikuwa mkuu wa dini, na bado hakumficha mtoto wake kwa kuogopa midomo ya watu. Alianguka miguuni pa Yesu mbele ya umati wote. Na Yesu alipofika nyumbani aliwatoa nje waliocheka, akawaingiza baba na mama, akamshika mtoto mkono. Mtoto alipoinuka, Bwana aliagiza apewe chakula. Muujiza ulikuwa umekwisha kutendeka, naye akakumbuka njaa ya mtoto!

Kazi ya muuguzi ni ya namna hiyo. Huosha mikono kabla ya kumgusa mtoto, maana dawa za saratani hupunguza nguvu za mwili za kujikinga. Humfundisha mama kwamba mtoto huyo akishikwa na homa hata usiku wa manane asingojewe mpaka asubuhi. Humsafisha kinywa chenye vidonda ili aweze kumeza uji. Humpa dawa ya maumivu kwa saa yake, asingoje alie kwanza. Tena humwacha acheze, kwa kuwa mgonjwa huyo bado ni mtoto.

Na ikiwa alama ile ni ya mkono wa mtu? Hapa twasema wazi. Mtoto aliyenajisiwa afikishwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi. Asiogeshwe kwanza, na nguo zake zihifadhiwe katika karatasi. Matibabu yasingojee fomu ya polisi. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo usiku na mchana, na yuko afisa wa watoto na yuko chifu. Sheria ya Watoto ya 2022 yamlinda kila mtoto wa Kenya, awe wa tajiri au wa maskini.

Lakini huja wazee wakasema, "Tumalize nyumbani, alete mbuzi." Ndugu zangu, mbuzi huyo ataliwa na nani? Mtoto hatapata hata mfupa, na usiku atalala katika nyumba ile ile. Na ikiwa anayeshukiwa ni mzee wa kanisa, mwalimu wa Shule ya Jumapili, au hata pasta, kanisa lisimfunike. Lisimhukumu pia kwa uvumi. Limwondoe karibu na watoto, na kuwaachia wenye kazi hiyo waichunguze. Sifa ya kanisa haikununuliwa kwa damu ya Kristo. Mtoto yule amenunuliwa.

Kwa hiyo wiki hii kila mzazi amtazame mtoto wake vizuri anapomwogesha. Na kila jirani aliyetaka kunena, kwanza asaidie mtoto afike kwa muuguzi.

Na tuombe. Ee Bwana uliyemshika mkono binti wa Yairo, uwashike watoto walio katika wodi usiku huu. Uwape wauguzi wetu macho ya kuona na mioyo isiyochoka. Uwatie nguvu wazazi walio njiani. Uwalinde watoto wanaoogopa nyumba zao wenyewe, na utuondolee sisi woga wa kusema kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.