Dhahabu Iliondoka, Mto Umebaki

Hotuba ya kamati katika mkutano wa mwaka wa chama chetu cha maendeleo

  

Mkutano uliopita ulituachia kazi mbili. Ya kwanza, tuandae safari ya pamoja ya kurudi nyumbani, ili watoto waliozaliwa mijini waione Kakamega kwa macho yao, si katika matanga peke yake. Ya pili, turudi na pendekezo moja la mradi. Safari tumeifanya. Pendekezo tunalo, na limetokana na safari yenyewe.

Tulishuka Khayega, kwenye barabara ya Kakamega na Kisumu, tukageuka upande wa mashariki kupitia Shinyalu hadi Isecheno. Wengi wetu tulikuwa tumepita njia hiyo mara mia tukienda harusi na mazishi bila kuuingia msitu hata siku moja. Wageni kutoka Ulaya huja na darubini zao kutazama ndege, na sisi wenye nyumba hatujui majina ya miti iliyo nyuma ya shamba la nyanya.

Msitu huu ni kipande cha mwisho katika Kenya cha ile misitu mikubwa ya mvua inayoanzia Kongo. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Sehemu za Isecheno na Yala zikafanywa hifadhi za mazingira mwaka 1967, na upande wa kaskazini, Buyangu, ukawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Vijana wa pale waliotuongoza walituonyesha mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu, hondohondo, na vipepeo ambao watoto walichoka kuwahesabu. Alfajiri tulipanda kilima cha Lirhanda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti kama maziwa yaliyomwagika, kisha jua likatoka. Siku iliyofuata tulitembea hadi mto Yala, tukala chakula tulichobeba, wazee wakakaa kivulini na watoto wakatia miguu majini. Jioni tulipigiwa isukuti. Kumbukeni, ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Haraka, maana yake ni kwamba wanaoijua wanapungua.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Pale Lirhanda kuna handaki la kale la wachimba dhahabu, limechongwa ndani ya mwamba. Siku hizi wenyeji wake ni popo. Tulisimama mlangoni, hatukuingia ndani, na tunawashauri mfanye hivyohivyo. Pango la Kitum kule Mlima Elgon lilihusishwa na wagonjwa wa virusi vya Marburg mwaka 1980 na 1987, na kwa sababu hiyo mahali pa popo wengi ni pa kuangaliwa kwa nje. Mtoto mmoja aliuliza pale mlangoni, "Nani alilichimba, na dhahabu ilikwenda wapi?" Tukaona watu wazima wakitazamana.

Basi tuwaambie watoto. Mwaka 1931 habari za dhahabu ya Kakamega zilienea, na Wazungu wakamiminika kutoka Eldoret na kwingineko wakiwa na mahema na koleo. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuahidi kwamba ardhi ya akiba ya Waafrika ingebaki yao milele. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa upesi, ili vipande vya ardhi viweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake, na bila baraza la wenyeji kuulizwa kwanza. Milele ilidumu miaka miwili.

Wazee wetu walilalamika, na malalamiko yao yamo katika kumbukumbu za tume ya ardhi ya wakati ule. Wengine walichukuliwa mashamba, wengine wakawa vibarua katika machimbo yaliyokuwa chini ya migomba yao wenyewe. Mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Leo Rosterman ni jina la mtaa, na dhahabu ile haiko nasi. Kilichobaki ni mashimo.

Na mashimo hayakuishia zama za mkoloni. Huko Ikolomani na kwingineko vijana wetu wanachimba hadi leo. Mwamba huvunjwa, husagwa unga, huoshwa, kisha zebaki hutiwa ili ishike chembe za dhahabu. Zebaki huchomwa motoni, na moshi wake huingia mapafuni mwa aliyesimama karibu, mara nyingi mama aliye na mtoto mgongoni. Inayobaki katika matope huteremka na vijito hadi Yala, na Yala hupita Vihiga na Siaya, huingia kinamasi, kisha ziwa Victoria. Tunachomwaga sisi hunywewa na wengine. Na dhahabu ikiisha mahali, kundi huhamia pengine na shimo huachwa wazi. Mvua ikinyesha hujaa maji, nyasi huota ukingoni, na mtoto anayechunga ng'ombe halioni.

Hatusemi vijana waache kuchimba. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo, na shilingi zao zimelipa karo za watoto wengi. Wala mkutano huu si mahali pa kuamua juu ya mgodi mkubwa unaozungumzwa Isulu na Bushiangala. Hilo lina vikao vyake, na kila mwenye shamba aende akasikilizwe. Tunachosema ni kwamba mashimo yaliyoachwa hayana mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe ndicho kazi ya chama kama hiki.

Pendekezo letu ni hili, kwa mpangilio huu. Kwanza, mashimo yaliyoachwa yaorodheshwe pamoja na wazee wa vijiji, na kwa idhini ya wenye mashamba, yajazwe yanayoweza kujazwa, na mengine yazungushiwe uzio na kuwekwa bango la onyo. Pili, tuwalipie vijana kadhaa mafunzo ya kuongoza wageni, wakiwemo wanaochimba sasa na wangependa kazi nyingine. Kijana anayejua mwamba na historia ya machimbo ana jambo la kumweleza mgeni ambalo halipo kitabuni. Tatu, fedha zikibaki, tujenge banda, viti na choo karibu na njia ya mto, kwenye ardhi ya jamii nje ya msitu, kwa kuwa ndani ya msitu lazima tufuate taratibu za Huduma ya Misitu.

Baadhi yenu mmeshatuambia, "Utalii ni starehe ya matajiri, sisi tunataka madarasa." Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu tumeweka mashimo mbele na banda nyuma. Darasa halimsaidii mtoto ambaye hakufika shuleni kwa sababu alitumbukia njiani. Karo za mwaka huu hazitaguswa; mfuko wake uko peke yake. Na mgeni akilala nyumbani kwetu, akanunua kuku, akapanda bodaboda, akamlipa kiongozi, fedha hiyo hubaki kijijini. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Walisema pia, mali bila daftari huisha bila habari. Kila kitakachopokewa leo kitaandikwa, na hesabu itasomwa mbele yenu mkutano ujao, shimo kwa shimo. Tukijaza kumi mtaambiwa kumi. Tukijaza matatu mtaambiwa matatu, na sababu yake.

Basi tunaomba. Anayeweza mfuko mmoja wa saruji alete mmoja. Anayeweza kukodi lori la mawe kwa siku moja akodi. Asiye na fedha atoe siku mbili za likizo ya Desemba aje na jembe, kazi ipo. Walio ng'ambo, fomu iko nyuma ya kijitabu hiki. Na nyote, mkirudi nyumbani, wapelekeni watoto Lirhanda alfajiri na mtoni mchana. Waonyesheni msitu, waonyesheni na handaki kutoka mlangoni, na wakiuliza dhahabu ilikwenda wapi, muwe na jibu.