Lita Zilizopungua Daftarini



Katika visiwa vya Hawaii, nchini Marekani, kuna kilima kiitwacho Red Hill. Kati ya mwaka 1940 na 1943, jeshi la majini la nchi hiyo lilijenga ndani ya kilima hicho matangi 20 ya mafuta, kila moja likichukua lita zipatazo milioni 47. Kusudi lilikuwa kuyaficha mafuta yasipigwe na ndege za adui. Lakini mita 30 tu chini ya matangi hayo umo mwamba wenye maji matamu yanywewayo na mji wa Honolulu.

Tarehe 6 Mei 2021, watumishi walikosea walipokuwa wakihamisha mafuta, bomba likafumuka. Waliamini kuwa zimemwagika lita 6,100 hivi, na kwamba karibu zote zimeokolewa. Hata hivyo tangi moja lilionekana kupungukiwa na lita zaidi ya 75,000. Upungufu huo ulionekana, lakini haukufikishwa kwa wakubwa. Mafuta yalikuwa yamejificha katika bomba la mfumo wa kuzimia moto, nalo likalegea kwa uzito. Tarehe 20 Novemba kitoroli kililigonga bomba hilo. Mafuta yakamiminika kwa saa 34, yakakifikia kisima.

Walioyanywa maji yale ni nani? Wengi wao ni wanajeshi wenyewe na jamaa zao. Mfumo huo wa maji ulihudumia watu wapatao 93,000. Maelfu waliugua vichwa, matumbo na vipele. Maelfu wakahamishiwa hotelini. Adui aliyeogopwa mwaka 1940 hakuhusika hata kidogo.

Kuyasafisha maji na udongo ni kazi ngumu. Mafuta yapenyapo ardhini, sehemu hunaswa na chembe za udongo, sehemu huelea juu ya maji, na sehemu, kama benzeni iletayo saratani, huyeyuka na kwenda yaendako maji. Udongo wa juu huweza kuchimbwa na kuondolewa. Mvuke hunyonywa kwa pampu. Vijidudu vya ardhini navyo huyala mafuta vikipatiwa hewa. Yote hayo huchukua miezi, mara nyingi miaka. Huko Hawaii maji ya kisima yalivutwa na kupitishwa katika makaa ya kuchujia, kwa kibali cha hadi lita milioni 19 kwa siku. Machi 2022 Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, aliamuru matangi yafungwe kabisa. Kuyamwaga kulianza Oktoba 2023, kukaisha Machi 2024.

Sasa tutazame kwetu. Si ajabu kuona tangi limefukiwa kando ya gereji ya kambi, na kisima hakiko mbali. Chuma huliwa na kutu bila kelele. Mtunza bohari hupima kwa kijiti na kulinganisha na daftari. Tofauti ndogo huletwa na joto, lakini upungufu unaorudi kila siku una sababu nyingine. Na tuseme kweli: akiuandika, wa kwanza kushukiwa wizi ni yeye. Kwa hiyo wako wanaousawazisha kwa kalamu.

Mkuu wa kambi aletewaye daftari lenye upungufu siku tatu mfululizo na aamuru kwanza tangi lipimwe na maji ya kisima yachunguzwe. Kumhoji mtunza bohari kunaweza kungoja hadi jioni.