Juu ya Kununua Nyumba za Mnada na Kuzitengeneza

(Hotuba iliyotolewa Bukoba mbele ya wajumbe wa Vyama vya Msingi, katika sherehe za Chama Kikuu kutimiza miaka 10)



Nilidhani nitaombwa kusema habari za kahawa, maana ndiyo niliyoipima kwa mizani katika ghala zetu tangu Chama hiki kilipoanza. Lakini Katibu aliniandikia kwamba wanachama wengi wanauliza habari za nyumba za mjini ambazo mabenki huziuza kwa mnada pindi mwenye nyumba ashindwapo kulipa deni lake. Wengine wanataka kununua kwa fedha zao wenyewe, na wengine wanataka Chama kinunue kwa niaba ya wote. Katibu anajua kwamba mimi nimekwisha jaribu jambo hilo mara mbili. La kwanza lilinishinda. La pili lilifaulu, ila halikufaulu upesi.

Kabla sijaingia katika habari za mabati na saruji, yanipasa kujibu swali aliloniuliza mzee mmoja wa chama changu cha msingi. Aliniuliza hivi: “Wewe uliyekuwa ukitukataza butura kila mkutano, mbona sasa unanunua nyumba ya mtu aliyekwama?” Swali hili lilininyima usingizi. Sote tunaijua butura. Mtu ana mgonjwa nyumbani, au mtoto amerudishwa shule kwa sababu ya ada, naye anauza kahawa yake ingali ua mtini kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mavuno si yake tena. Mnunuzi hakupalilia wala hakuchuma; alichofanya ni kuivizia shida ya jirani yake.

Jibu langu kwa mzee yule ni kwamba mnada waweza kuwa butura, na waweza usiwe. Tofauti imo katika sheria, na katika mwenendo wa mnunuzi mwenyewe.

Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2008, haimruhusu mkopeshaji aamke asubuhi moja akaiuze nyumba iliyowekwa rehani. Kwanza ampe mdaiwa taarifa ya maandishi kwamba amekiuka mapatano, na amwachie siku 60 za kujikomboa. Tena sheria ya madalali yataka tangazo la mnada wa ardhi litolewe kwa siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada wenyewe. Wakati wa kuuza, mkopeshaji amefungwa na wajibu wa kutafuta bei iliyo bora kwa kadiri iwezekanavyo. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya kawaida ya nyumba za namna hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, sheria hudhania kuwa wajibu huo haukutimizwa, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yatenguliwe. Na fedha zinazobaki baada ya gharama na deni kulipwa ni mali ya mdaiwa, wala si za benki.

Basi ndugu zangu, mtu akikunong’oneza kwamba kuna nyumba ya shilingi milioni 60 inayouzwa kwa milioni 25, usifurahi. Huenda anakuuzia kesi. Sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, lakini yule aliyejua kwamba mnada una kasoro, au aliyekuwa na sababu ya kujua akafumba macho, hana kinga hiyo.

Mimi nilijifunza hayo kwa hasara. Mara ya kwanza niliposimama mnadani, nyundo ililia kwa jina langu, nikalipa robo ya bei papo hapo kama masharti yalivyotaka. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba sasa tuna nyumba mjini. Wiki ya pili nikapata habari kwamba mke wa mdaiwa amefungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nyumba ile ilikuwa ya ndoa, naye hakupata kuulizwa mumewe alipoiweka rehani. Saini iliyoonyeshwa kuwa ni yake haikuwa yake. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume au mke hana ruhusa ya kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi yasema vivyo hivyo. Yule mama alikuwa na haki kabisa. Fedha zangu zilikaa mikononi mwa watu kwa muda wa miezi 14 kabla sijarudishiwa, bila faida hata ya senti moja, na msimu ule sikuwa na fedha za kuwalipa vibarua wa kibanja changu. Sikumlaumu mama yule. Nilijilaumu mwenyewe, kwa kuwa ningalikwenda kubisha hodi pale nyumbani siku tatu kabla ya mnada, angaliniambia yote mlangoni.

Kubisha hodi ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi huliogopa. Huona haya kuonana na mtu ambaye nyumba yake yauzwa. Nami naona haya hiyo ni ya bure, tena ina madhara. Nenda, jitambulishe, useme ulilofuata. Ukifukuzwa, umefukuzwa. Lakini mara nyingi utapokewa, nawe utajua ni nani wanaokaa humo, nani mwenye kesi, nani mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Kisha nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi wa hati: jina lililomo, miaka iliyosalia katika hati, kodi ya ardhi ambayo haijalipwa, na kama kuna rehani nyingine au zuio la mahakama.

Nyumba ya pili niliinunua mwaka 2018. Safari hii nilibisha hodi. Nilimkuta mzee mmoja na wajukuu wake wanne. Deni lilikuwa la mwanawe, nalo lilikuwa halali na karatasi zote zilikuwa safi. Mzee aliniambia maneno ambayo sitayasahau: “Afadhali anunue mtu ambaye nimemwona uso.” Akaniomba kitu kimoja tu, kwamba watoto wamalize muhula wa shule kabla ya kuhama. Nikakubali, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wako walioniita mjinga kwa kukosa kodi ya miezi ile. Mimi nasema miezi ile ndiyo iliyoniepusha na ugomvi, vioo kuvunjwa na milango kung’olewa, mambo ambayo nimeyaona katika nyumba za wenzangu waliowaita askari siku ya pili yake.

Sasa habari za nyumba yenyewe. Kwa nje ilipendeza. Ilikuwa imepigwa lipu mpya na rangi ya samawati, na dalali aliisifu sana rangi hiyo. Sisi watu wa Bukoba tuna jambo moja ambalo mnunuzi wa hapa hana ruhusa ya kulisahau, nalo ni tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Lilikuwa na nguvu ya 5.9, na kila mmoja wetu anakumbuka alipokuwa alasiri ile. Nyumba nyingi zilianguka, na nyingine nyingi zilibaki zimesimama zikiwa na nyufa. Katika hizo, baadhi zilitengenezwa sawasawa, na baadhi zilipakwa lipu tu. Ile yangu ilikuwa ya namna ya pili.

Fundi wangu mwashi alinifundisha kuutazama ufa, nami nawapa elimu hiyo bila malipo. Ufa mwembamba kama unywele ulio katika lipu peke yake si kitu. Lakini ufa unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaopenya mpaka upande wa pili wa ukuta, na unaoingiza kidole, huo ni ufa wa jengo. Tazama pia kama juu ya madirisha pana mkanda wa zege uliozunguka nyumba nzima. Ukuta usio na mkanda huo hutengana pembeni tetemeko likija. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole: mahali palipo patupu husikika kama ngoma. Mimi niligonga baada ya kununua, maana siku ya kutazama tulionyeshwa nyumba kwa nje tu. Upande wa jikoni wote ulilia. Tuliubomoa mpaka kwenye msingi, tukajenga upya kwa nguzo za nondo na mkanda.

Paa ndilo lililokuwa la kwanza kutengenezwa kabla ya yote. Mvua ya hapa hufika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na mwenye kupaka rangi ndani wakati mabati yanavuja anapaka fedha zake ukutani. Tuliezua mwezi wa Juni, baada ya masika, tukakuta kenchi tatu zimeliwa na mchwa. Tukamaliza paa kabla ya mvua za vuli. Kisha tukafuata mifereji ya maji ya mvua, shimo la choo, nyaya za umeme zilizokuwa zimeungwaungwa na kila mpangaji, na mwisho kabisa sakafu na rangi. Nilifanya kazi hiyo kwa misimu miwili ya kahawa, kidogo kidogo, kadiri malipo yalivyotoka. Sikukopa. Mtu anayeweka kibanja chake rehani ili anunue nyumba iliyouzwa kwa sababu ya rehani, huyo sina neno la kumwambia.

Je, faida iko wapi? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme nyumba imenunuliwa kwa shilingi 40,000,000, matengenezo 20,000,000, na ushuru, wakili na uhamisho wa hati 2,000,000. Jumla ni 62,000,000. Tuseme inapangishwa kwa 400,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja katika mwaka inakaa tupu. Hiyo ni 4,400,000. Tutenge asilimia 10 kwa kodi ya Serikali, zibaki 3,960,000. Tuondoe 560,000 za marekebisho, kodi ya jengo na ya ardhi. Mkononi zinabaki 3,400,000. Gawanyeni wenyewe: ni miaka 18 na zaidi kabla fedha zile hazijarudi zote kwa njia ya pango. Thamani ya kiwanja yaweza kupanda, nayo ni heri, lakini sikuiweka katika hesabu kwa sababu hakuna aliyeniahidi. Mkahawa wetu huanza kutoa matunda mwaka wa tatu. Nyumba ya mnada ni mti wa wajukuu. Mwenye kutaka faida ya mwaka kesho na apande maharage.

Namalizia kwa lile la Chama. Imependekezwa kwamba Chama Kikuu kinunue nyumba mjini kwa akiba yake, vyumba vya mbele viwe maduka, na vya nyuma vilaze wanachama wanaoleta wagonjwa hospitali na watoto shule. Mimi naliunga mkono pendekezo hilo, kwa masharti. Fedha zitoke katika ziada iliyokwisha pitishwa na Mkutano Mkuu, na taratibu za Mrajis zifuatwe. Fedha za kuwalipa wakulima kahawa yao zisiguswe hata kwa siku moja, maana tumeona vyama vilivyokuwa na majengo mazuri na wanachama wenye stakabadhi zisizolipwa.

Tena nasema hili mbele ya maofisa wote, na atakayeudhika aniudhikie. Baadhi yetu tunakaa katika kamati za mikopo. Tunajua nani amechelewa kulipa, nyumba yake iko wapi, na ina thamani gani. Ofisa aliyepitisha karatasi za mkopo wa mwanachama asinyanyue mkono siku nyumba ya mwanachama huyo inapouzwa, wala asimtume shemeji yake. Hiyo ndiyo butura aliyoniuliza mzee wangu. Naomba Mkutano Mkuu uliandike jambo hilo katika kanuni zetu kabla Chama hakijanunua hata tofali moja, nami nimekwisha mpa Katibu maneno ya azimio hilo kwa maandishi, pamoja na hesabu za nyumba yangu tangu 2018. Zimo ofisini kwake, na mwanachama yeyote anaweza kuzitazama.