KIFAA KIKIWA KIBOVU, NANI ATASEMA?

Ndugu wanachama, haya ndiyo maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wetu wa Jumapili. Tunayatuma kwa faida ya waliokosa kufika.



Mkutano uliopita tulibishana sana juu ya kinu cha nyuklia. Mnakumbuka Uyombo mwaka 2024, wananchi walivyoandamana. Sasa Serikali inazungumzia zaidi Siaya. Wengine wenu mnataka stima na kazi, wengine mnahofia bahari na watoto. Leo sikuja kuamua ubishi huo. Nina swali linalotuhusu sote, popote kinu kitakapojengwa: kifaa cha usalama kikiwa kibovu, nani atasema, na akisema yatampata yapi?

Tuangalie Korea Kusini, nchi yenye vinu zaidi ya 20. Novemba 2012 ilijulikana kwamba wauzaji walighushi vyeti vya ubora vya maelfu ya vipuri vidogo, kama fyuzi, swichi na feni za kupoza. Vinu 2 vya Yeonggwang vikazimwa. Mei 2013 likaja kubwa zaidi, la nyaya za udhibiti. Hizo ndizo zinazopeleka ishara kwenye mitambo ya usalama wakati wa ajali, kwa hiyo ni lazima zijaribiwe kama zinahimili joto, mvuke na mnururisho. Matokeo ya majaribio yalikuwa ya uongo, na nyaya zilikuwa zimeshafungwa ndani ya vinu. Vinu vikasimamishwa ili zing'olewe. Nchi ikaingia msimu wa joto kali ikiwa na upungufu wa stima. Kufikia Oktoba, watu 100 walikuwa wameshtakiwa.

Ndugu zangu, habari ya nyaya zile ilianza na dokezo la mtu asiyejitaja. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa sawa. Mkaguzi anayesoma cheti peke yake hawezi kuona waya. Anayeuona ni aliyeushika.

Marekani waliliwekea jambo hili sheria tangu 1974. Kampuni inayojenga au kuendesha kinu, au kukiuzia vipuri muhimu, ikigundua kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa, lazima itoe taarifa kwa tume ya nyuklia. Mkurugenzi akishapata habari, taarifa ya kwanza hutolewa ndani ya siku 2, na ya maandishi ndani ya siku 30. Mkurugenzi anayenyamaza akijua anaweza kutozwa faini yeye binafsi. Tena sheria hiyo hubandikwa kazini, mahali ambapo wafanyakazi wataiona. Na mfanyakazi anayeripoti analindwa asifukuzwe kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwetu. Fundi wa stima anajua waya feki akiuvua ganda tu. Anajua pia kwamba akimwambia kontrakta, huenda kesho asiitwe kazini. Basi ananyamaza, anafunga, anakwenda zake. Kwenye nyumba, hasara ni ya familia moja. Kwenye kinu, ni ya kaunti nzima, na zaidi.

Tunayo Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia iliyoundwa na sheria ya 2019. Tunacho Kifungu cha 35 cha Katiba kinachotupa haki ya kupata habari. Kwa hiyo napendekeza tawi letu lidai mambo matatu kwa wabunge wetu:

1. Muuzaji na mwendeshaji walazimike kuripoti kasoro kwa muda uliotajwa, na mkurugenzi awajibike binafsi.

2. Kibarua na fundi wa mkataba walindwe sawa na mwajiriwa wa kudumu. Hao ndio wanaofunga nyaya.

3. Taarifa za kasoro zichapishwe, nasi tuzisome kwa lugha tunayoielewa.

Anayetaka kinu ana haja na mambo haya kuliko hata anayekipinga, maana ndiye atakayeulizwa siku likitokea baya.



Mapendekezo haya yatapigiwa kura mkutano ujao. Mwenye la kuongeza amwone Katibu kabla ya siku hiyo. Tafadhali msomee jirani mwanachama asiye na simu.