Kabla Hujanunua Kadi ya Picha

Msikilizaji, kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mtumba hapa Arusha zilianza maisha maofisini ng'ambo. Ukitaka ihariri video au icheze gemu, utahitaji kadi ya picha. Lakini anza na pawa saplai. Fungua kasha, soma kibandiko: angalia wati za laini ya volti 12, maana ndiyo inayoilisha kadi.

Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi nyingi za GTX 1650 hutosheka nazo. RTX 3060 hula wati 170. Inataka waya wake kutoka pawa saplai, na Nvidia hushauri isipungue wati 550. Pima nafasi pia: kasha jembamba la Dell OptiPlex halipokei kadi ndefu wala pawa saplai ya kawaida.

Ukiona swichi nyekundu nyuma, iweke 230, umeme wa TANESCO. Ikibaki 115, pawa saplai huweza kulipuka ukiwasha. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie.

Na kadi ya mtumba? Iwashwe mbele yako, gemu licheze dakika kumi, ndipo utoe hela.