Taa Nafuu ni Ile Itakayowaka Mwakani

Haya ni maelezo ya Afisa wa Vipimo na Mizani kwa wakazi na wafanyabiashara wa soko katika Kaunti ya Taita Taveta.



Nimeombwa nizungumze kuhusu taa za betri za kubeba, zile zinazoitwa taa za kambi. Jina hilo limetokana na watu wanaolala kwenye mahema, na hapa kwetu waongozaji wa watalii wa Tsavo bado wanazinunua kwa kazi hiyo. Lakini wengi wetu tunazitumia nyumbani, kwenye kibanda cha mboga jioni, na shambani tunapolinda mahindi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na kila mwenye taa ya namna hii alijua thamani yake.

Kwa hivyo tukizungumzia taa ya bei nafuu, tunazungumzia pia usalama. Mwenye nyumba ya pembeni ya Voi au Mwatate akitoka kwenda choo usiku, anataka kuona kama kuna ndovu njiani. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, anahitaji taa isiyozimika katikati ya safari. Taa ikikosa kuwaka, watu hurudia koroboi, na koroboi ikianguka tunajua kinachofuata.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa taa hizi methali hiyo haitusaidii sana, kwa sababu taa mbaya nayo hung'aa vizuri kwa dakika tano za kwanza. Muuzaji akiibonyeza unaona mwanga mweupe, unatoa pesa, unaondoka. Udhaifu wake utauona baada ya wiki mbili. Basi leo tujifunze kuipima kabla ya kulipa.

La kwanza ni hesabu. Bei iliyobandikwa kwenye taa ni sehemu tu ya gharama, nyingine ni ya kuiwasha. Tuchukue mfano, na ukifika nyumbani uweke bei za duka lako. Taa ya kwanza inauzwa shilingi 500 na inatumia betri kavu tatu kubwa, zile tunazoita mawe. Tuseme kila jiwe ni shilingi 100. Ukiiwasha saa nne kila usiku, mawe yanadumu wiki mbili. Kwa mwaka utanunua seti 26, yaani shilingi 7,800. Ongeza bei ya taa, umetumia shilingi 8,300.

Taa ya pili ni shilingi 1,500, na inachajiwa kama simu. Kuijaza kila siku kunatumia takriban wati-saa 10, ambazo kwa mwaka mzima hazifiki yuniti nne za stima. Hata tukihesabu shilingi 30 kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 110. Jumla ya mwaka ni shilingi 1,610. Sasa niambieni, taa ya bei rahisi ni ipi?

Lakini msikimbilie taa ya kuchaji bila kufikiri. Kama unaihitaji kwa siku chache tu kwa mwaka, kwa mfano kwenye matanga, safari au stima ikipotea, taa ya mawe inaweza kukufaa zaidi. Mawe hukaa na nguvu yake kwa muda mrefu, ilhali taa ya kuchaji iliyosahaulika kabatini inaweza kukutwa tupu usiku unaoihitaji. Ukinunua ya mawe, yatoe ndani ya taa ukimaliza kazi, kwa sababu yakivuja yanakula vyuma vya ndani. Unayetumia kila usiku, nunua ya kuchaji. Wa siku moja moja, nunua ya mawe. Anza na matumizi yako, halafu uulize bei.

La pili ni kusoma boksi. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12, na balbu ya zamani ya wati 60 takriban lumeni 800. Mtoto anayesoma mezani, taa ikiwa karibu naye, anatosheka na lumeni 50 hadi 100. Kwa jikoni au kibanda cha biashara, tafuta kama 200. Usilipie mwanga usiouhitaji, maana taa kali humaliza betri haraka. Ukikuta taa ndogo imeandikwa wati 1,000, jiulize: pasi ya umeme ndiyo hutumia wati 1,000. Betri ya kutoshea kiganjani haiwezi kufanya kazi ya pasi kwa saa sita.

Uongo mwingine uko kwenye betri. Taa nyingi zina betri ya mviringo inayoitwa 18650. Jina hilo ni kipimo chake, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Betri nzuri kabisa ya ukubwa huo hubeba takriban mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, mtu amekudanganya, hata kama si muuzaji aliye mbele yako. Betri ya kweli ya mAh 2,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Ikiwasha taa ya wati moja na nusu, utapata mwanga wa saa tano hivi. Hiyo inatosha familia kula na watoto kusoma.

Kuna pia taa zenye kipande cha sola juu yake, kidogo kama biskuti. Sola hiyo inafanya kazi, lakini ni ya akiba tu. Kipande cha theluthi moja ya wati kikikaa kwenye jua kali saa tano kinakusanya wati-saa moja na nusu, na hiyo ni saa moja ya mwanga kwa taa tuliyoitaja. Kama nyumbani hakuna stima, tafuta taa yenye paneli ya pembeni inayowekwa juu ya paa, iliyo kubwa kuliko kiganja.

La tatu ni kuipima hapo hapo kwa muuzaji. Iwashe mwanga wa mwisho kabisa, umwachie muuzaji, uendelee kununua nyanya na vitunguu. Ukirudi baada ya nusu saa, angalia kama imefifia au imepata joto kupita kiasi. Fungua mlango wa betri uangalie kama spring'i zina kutu. Bonyeza swichi mara kumi. Itikise, na ukisikia kitu kinacheza ndani, irudishe.

Angalia pia inavyochajiwa. Inayotumia waya wa simu ni bora, kwa sababu waya ukiharibika unapata mwingine dukani. Zile zenye pini za kuchomeka moja kwa moja ukutani zinahitaji uangalifu mkubwa. Kasha likipasuka, usiiguse wala usiichomeke tena, inaweza kukurusha. Na ukipata taa nzuri ya mtumba iliyotoka Marekani, soma chaja yake kwanza. Kule umeme ni volti 120, hapa kwetu ni 240. Kama chaja haijaandikwa kwamba inafika 240, itaungua siku ya kwanza.

La nne ni alama. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na kwa bidhaa zilizotoka nje, stika ya uagizaji yenye nambari. Nambari hiyo unaweza kuithibitisha kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Stika bandia zipo, kwa hivyo usitosheke na kuiona tu. Kwa taa za sola, uliza pia kama aina hiyo imepimwa chini ya mpango wa VeraSol, unaoangalia kama yaliyoandikwa kwenye boksi ni kweli.

Njia za kupunguza bei bila kununua takataka zipo. Chama cha watu kumi kikienda pamoja kwa muuzaji wa jumla kinapata bei ambayo mtu mmoja hawezi kupata. Taa ya mwaka jana yenye boksi lililochakaa huangaza sawa na mpya, mradi betri ipimwe. Na kabla ya kutupa taa iliyokufa, mpelekee fundi wa simu. Mara nyingi kilichokufa ni betri peke yake, na kuibadilisha ni rahisi kuliko kununua taa nyingine. Betri nzee usiitupe motoni wala shimoni karibu na kisima. Iweke kando, mbali na watoto, hadi utakapopata wakusanyaji wa taka za kielektroniki.

Sasa nigeukie wafanyabiashara wetu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na maelezo yanayohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Sheria ya Maelezo ya Bidhaa, Sura ya 505, inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo. Najua wengi wenu hamkuandika boksi hizo, mlizinunua zikiwa zimeandikwa hivyo. Lakini aliyeuza naye ana la kujibu. Mkinunua mzigo, pimeni taa moja kabla ya kuchukua mia. Muuzaji anayeacha taa iwake mezani nusu saa bila kunung'unika atapata wateja kuliko anayepiga kelele.

Wanunuzi nanyi, ombeni risiti hata kama taa ni ya shilingi 300. Iandikwe tarehe, jina la taa na muda wa kuirudisha mliokubaliana. Bila karatasi hiyo, mkija kwetu tunabaki na neno lako dhidi ya neno lake. Mkiwa nayo, pamoja na boksi, tunaweza kupima taa mbele yenu nyote wawili na kuona nani yuko sawa. Mara nyingi jambo huishia hapo, mtu anarudishiwa pesa zake na soko linaendelea.

Walio na taa zao hapa wazilete mezani, tuzifungue moja moja tuone betri zilizomo. Karibuni pia na maswali.